Kiti Kwanza au Meza Kwanza? Mjadala wa Pujini

Nyumba imekwisha. Bati limepigwa, vigae vimelazwa, na chumba kimoja kati ya ukumbi na jiko kimebaki kitupu. Wenye nyumba ni ndugu wawili: kaka yuko Maskati, dada anafanya kazi Chake Chake na kurudi kulala Pujini, mashariki ya Pemba, karibu na magofu ya ngome ya Mkame Ndume. Kaka ametuma picha ya fanicha kwa simu, na picha hiyo imewagawa watu wa nyumba.

Sauti zilizomo hapa chini, za kaka kwa simu, dada, bibi yao, maalim, fundi na mpishi, nimezitunga, kwa hiyo hakuna wa kumtafuta Pujini akaulizwa. Hoja zenyewe ni za kila siku, kila penye nyumba mpya visiwani na ndugu aliye ng'ambo. Nami nimejipa ruhusa ya kuingilia kati pale mtu anapokwepa swali.

KAKA: Picha mmeiona. Meza ya umbo la yai, watu wanane. Miguu imepinda, rangi nyeupe ya maziwa, nakshi za dhahabu, viti vya mahameli ya zambarau na vifungo mgongoni. Huu ndio mtindo wa Kifaransa. Nimeshaulizia usafiri: kontena mpaka Unguja, meli mpaka Mkoani, gari mpaka mlangoni. Kilichobaki ni nyie kusema ndiyo.

DADA: Ahsante kaka, Mungu akuzidishie. Lakini chumba ni futi kumi na mbili kwa kumi, na sisi mpaka leo tunakula chini. Ukiniuliza nataka nini humo ndani, nitakwambia mkeka mpana, mito ya kuegemea na kabati la vyombo. Basi.

BIBI: Wee! Mkeka ukalie wewe mwenye magoti. Mie nikikaa chini siku hizi, kuinuka kwangu ni shughuli ya watu wawili. Khitma iliyopita nimekula nimeegemea ukuta, sahani mapajani, wenzangu wamezunguka sinia wanacheka. Nilijiona mgeni. Mume wangu, meza yako mie siijui, ila nitafutie kiti.

Naomba msomaji alizingatie hili kabla hatujaenda mbali. Kwenye makala za utamaduni bibi ndiye hupewa kazi ya kuutetea mkeka na kijana ndiye hupewa kazi ya kuukimbia. Majumbani mara nyingi ni kinyume chake. Anayeusifu mkeka ni yule ambaye goti lake bado zima, tena ana kiti cha kuzunguka ofisini.

MAALIM: Dada yetu ana hoja ya dini pia, ila hakuisema. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akila juu ya meza iliyoinuliwa. Alikula juu ya kitanga kilichotandikwa chini. Lakini wanazuoni hawakufanya meza kuwa haramu. Kwa hiyo tusimtishe Bibi kwa hadithi. Mtu akiumwa magoti akae juu, ale kwa mkono wa kulia, amalize kwa shukrani.

BIBI: Umesema Maalim. Na wewe goti lako likoje?

MAALIM: Halina hali, Bibi.

FUNDI: Mie nimeitwa kupima, basi nipime. Meza ya watu wanane ya namna hii ni futi saba kwa tatu na nusu, chini ya hapo watu watagongana viwiko, maana kila mlaji anataka inchi ishirini na nne za ukingo. Chumba kina upana wa futi kumi. Toa tatu na nusu za meza, zinabaki sita na nusu. Dada anataka kabati la vyombo, nalo kina chake futi moja na nusu. Zimebaki tano kwa pande mbili. Mtu aliyekaa, akitaka kuvuta kiti nyuma ainuke, na mwingine apite na bakuli la mchuzi, anataka futi tatu upande wake. Sita hizo. Tumepungukiwa futi nzima, na bado sijaufungua mlango.

KAKA: Kabati liende ukumbini.

DADA: Vyombo viende ukumbini, chakula kipite ukumbini, halafu tuite hicho chumba cha kulia?

MPISHI: Niruhusuni. Mie nimepika hotelini Unguja kwa miaka mingi, na wageni Wafaransa nimewahudumia wengi. Kwa nilivyowaona, Mfaransa akikaa kula mchana hainuki upesi. Saa mbili zitapita. Mkate anauweka juu ya kitambaa cha meza, pembeni ya sahani, hataki kisahani. Mikono yote miwili iko juu ya meza, maana kwao kuificha mapajani ni utovu wa adabu. Mwenye nyumba na mkewe hawakai kwenye ncha mbili za meza kama Waingereza. Wanakaa katikati, wanatazamana, ili mazungumzo yasikatike vipande viwili. Mwaka 2010 UNESCO iliandika mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Walichoandika ni namna ya kukaa na kula pamoja, kupanga vyombo, kupanga mfuatano wa vyakula. Sijasikia kwamba waliandika mguu uliopinda.

KAKA: Kwa hiyo?

MPISHI: Kwa hiyo kama unataka Ufaransa, anza na kiti ambacho mtu anaweza kukikalia saa mbili. Hicho cha mahameli, Pemba, mwezi wa Februari, feni ikizimika dakika ishirini tu mtu ameshaloa mgongo.

MAALIM: Nami niongeze. Hata Wafaransa wenyewe, chumba cha kulia si jambo la zamani. Kwa karne nyingi wakubwa wao walikula popote palipowafaa: mbele ya moto, ukumbini, chumbani. Meza ilikuwa mbao zinazolazwa juu ya miguu ya kuondoleka. Saa ya chakula inapangwa na kutandikwa kitambaa, watu wakishakula inaondolewa, chumba kinarudi kazi yake nyingine. Mfalme Louis wa 14 mwenyewe, pale kasri lake la Versailles, alipokula mbele ya watu alikula katika chumba cha kungojea kilichoandaliwa kwa saa ile. Chumba chenye kazi ya kulia tu kilianza kuenea kwenye nyumba za matajiri wao katika karne ya 18. Kwa hiyo mtu wa Pujini anayetandika mkeka, akala, akaukunja na kuusimamisha pembeni, hajapishana sana na Mfaransa wa zamani.

DADA: Unaona kaka?

KAKA: Naona Maalim anasoma sana. Na sisi je? Katika majumba ya Unguja hakukuwa na vitu vya Ulaya?

MAALIM: Vilikuwepo, tena tele. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani 1886 jinsi vyumba vilivyojaa vioo, saa na vyombo vya kaure kutoka Ulaya. Meza na viti vya Kizungu vilikuwemo. Lakini saa ya kula anaeleza kitu kingine: sufra ya mbao, ndefu, yenye ukingo, imeinuka inchi chache tu kutoka sakafuni, na watu wamekaa chini kuizunguka. Mwaka 1875 Sayyid Barghash alizuru Uingereza na Ufaransa, akarudi, na 1883 akajenga jumba la Beit al-Ajaib. Anasa ya Ulaya kwenye kuta za Unguja ni jambo la zamani. Kwenye mlo, watu walichagua.

Hapa kaka alikaa kimya kidogo kwenye simu. Nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

KAKA: Nikwambieni kitu. Kazi yangu huku nyote mnajua ni dukani, lakini sijawahi kuwaambia nafanya nini. Napeleka meza hizi majumbani kwa watu. Nazibeba ngazini, nakaza skrubu, napangusa kioo, natoka. Sijawahi kukikalia hata kimoja. Jioni narudi kwenye chumba tunachokaa wanne, tunatandika gazeti sakafuni, tunaweka sufuria katikati. Dada, wewe ukisema mkeka unaona asili. Mie nikisikia kula chini naona gazeti. Msinitolee Versailles. Nataka siku moja nikija likizo nikae kwenye meza ambayo sikuipeleka kwa mtu mwingine.

Hoja hii haijibiki kwa historia, na waliomo chumbani walijua. Wengi wetu tunaoandika kuhusu "kuiga" tumekosa adabu kwa watu kama kaka huyu. Tunamwona anayenunua miguu ya dhahabu kama mtu aliyepotea, hatumuulizi alikuwa amekaa wapi kabla ya kuinunua. Bibi ndiye aliyejibu, na hakujibu kwa hoja.

BIBI: Meza utapata, mume wangu. Sasa Fundi, muulize mambo ya skrubu.

FUNDI: Ndiyo. Wewe unazikaza, nambie. Mguu wa hicho kiti umeungwa na fremu kwa kitu gani?

KAKA: Skrubu moja ndefu, na kipande cha chuma kwenye pembe kwa ndani.

FUNDI: Hakuna ulimi unaoingia tunduni?

KAKA: Hakuna.

FUNDI: Na uso wa meza?

KAKA: MDF. Juu imebandikwa karatasi ya mbao, pengine rangi tupu.

FUNDI: Wateja wako wana kiyoyozi mchana na usiku. Hapa kuna masika. MDF ni nyuzinyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ikinywa unyevu inavimba, na ikishavimba hairudi. Itaanzia ukingoni, pale rangi ilipochubuka. Skrubu ya chuma kwenye hewa ya chumvi inashika kutu, tundu linapanuka, kiti kinaanza kucheza. Mtu wa kwanza kuanguka atakuwa Bibi.

KAKA: Si uongo. Hata huku tunaitwa kurudia kukaza.

MAALIM: Na tusiite vitu hivyo vya Paris bila kuuliza. Fanicha nyingi za dhahabu zinazouzwa Uarabuni zimechongwa Damietta, mji wa maseremala kule Misri, au zimetoka viwandani China. Wamisri wenyewe wana jina la mzaha kwa mtindo huo, Louis Farouk: nusu wafalme wa Ufaransa, nusu mfalme wao aliyepinduliwa 1952. Tofauti si ndogo. Mguu uliopinda wenye makombe ya kuchongwa ni wa zama za Louis wa 15. Kiti chenye mgongo wa yai na miguu iliyonyooka, mipana juu na myembamba chini, yenye mifereji, ni cha zama za Louis wa 16, aliyeshika ufalme 1774. Picha yako imechanganya vyote viwili na kuongeza vifungo.

KAKA: Basi historia ya Ufaransa na Pemba nayo semeni yote. Karafuu iliyojenga nusu ya nyumba hii ilipita mikononi mwa nani? Si Wafaransa?

MAALIM: Kweli. Pierre Poivre ndiye aliyepanga miche itoroshwe kutoka visiwa vya Maluku, ikafika Ile de France, yaani Mauritius ya leo, mwaka 1770. Kutoka visiwa vya Wafaransa vya bahari hii mkarafuu ukaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mashamba ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu ni yetu. Lakini kama tunasema yote, tuseme na hili: mwaka 1776, miaka miwili baada ya huyo Louis wa mgongo wa yai kukalia kiti chake, Mfaransa Morice alikuwa Kilwa akiandikiana na Sultani mkataba wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa hivyohivyo.

KAKA: Maalim, na kile kiti cha enzi mnachokionyesha makumbusho, chenye vipande vya pembe za ndovu, pembe zile zilishuka pwani mabegani mwa nani?

MAALIM: Umenikamata.

Jibu la kaka lilikuwa sawa, ila sidhani kama swali la nani alivuja jasho ndilo la kumchagulia mtu kiti cha kukalia kesho. Lisemwe, lisisahauliwe, na tepu ya fundi iendelee. Kilichonigusa zaidi ni maneno ambayo Dada aliyachelewesha mpaka wanaume wamalize habari za wafalme.

DADA: Mmepima chumba, mmepima mbao. Hamjapima watu. Siku ya kawaida tuko watatu. Siku ya watu, tuko hamsini. Wakija wageni wanaume, watakalishwa wapi? Kwenye meza, bila shaka, maana ndiyo fahari ya nyumba. Na sisi wanawake?

KAKA: Siku za kawaida mtakaa nyie.

DADA: Siku za kawaida tuko watatu, nimeshakwambia. Mkeka nautandika ukumbini kwa wanaume na mwingine ndani kwa wanawake, sinia moja watu watano, akizidi wa sita tunasogea. Sijamwambia mtu yeyote nafasi imejaa. Meza ya viti vinane inasema nane. Wa tisa atasimama mlangoni, na huyo wa tisa namjua: ndiye aliyepika.

KAKA: Hilo si kosa la meza.

DADA: Hilo ni kosa letu, ila meza italigandisha. Pale magofuni kuna kisima chenye ukuta katikati. Wazee wanasimulia kwamba Mkame Ndume aliujenga ili wake zake wawili wasikutane: mmoja ateke kwa ndoo na kamba, mwingine ashuke ngazi. Ukuta umesimama mpaka leo, wake wenyewe hatujui hata majina yao. Wewe unataka kuniwekea kitu kizito katikati ya chumba, ambacho watu wanne ndio watakaoweza kukisogeza.

BIBI: Huyo Mkame Ndume ndiye aliyewabebesha watu mawe huku wanakwenda kwa makalio. Kukalishwa chini kwa nguvu Pujini kumeanza zamani!

MPISHI: Kwa mpangilio wa Kifaransa wa zamani hata sahani haziji moja moja. Vyakula vyote vinawekwa mezani kwa pamoja, kila mtu anajipakulia kilicho karibu naye. Ule wa sahani moja baada ya nyingine waliuchukua kwa Warusi karne ya 19. Dada, sinia lako lina wali katikati, samaki huku, kachumbari kule. Mfaransa wa karne ya 18 angekaa akala bila kuuliza swali.

DADA: Angekaa chini?

MPISHI: Hapo sina hakika.

FUNDI: Mimi nina jambo. Kwani lazima meza isimame siku zote? Meza ya mbawa. Katikati kipande chembamba, inchi kumi na nane, kimesimama na miguu yake. Pande mbili kuna mbawa zinazoning'inia kwa bawaba za shaba. Siku ya watu watatu unainua bawa moja, kiti cha Bibi kinaingia. Kaka akija unainua mbili, watu sita. Siku ya khitma unashusha zote, unaisukuma ukutani, unatandika mkeka. Wafaransa nao walizichonga za namna hiyo. Mie nimewahi kutengeneza moja, mteja akaikataa.

KAKA: Kwa nini?

FUNDI: Alisema haionyeshi.

KAKA: Ni kweli haionyeshi.

Msomaji ataona kuwa mpaka sasa kila mtu amezungumza habari za meza, ilhali aliyeomba kitu ni mmoja tu, na aliomba kiti. Makosa mengi ya vyumba vya kulia huanzia hapo. Mtu anapenda meza dukani, kwa kuwa ndiyo kubwa, halafu anapewa viti vilivyofuatana nayo kama mahari. Meza mwili wa mtu unaigusa kwa viwiko tu. Kiti ndicho kinachobeba uzito wote na ndicho kinachoamua kama mzee atabaki kwenye mazungumzo au ataomba akalale. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja, ningenunua viti na kuazima meza.

FUNDI: Kama ni viti, mbao ipo. Mvule ni mzuri kuliko yote, ila msitu wa Ngezi umehifadhiwa na sitaki matatizo na watu wa misitu. Mfenesi unatosha. Ukiwa mbichi ni wa manjano, ukikaa unageuka hudhurungi, na mchwa hawaukimbilii. Miguu niinyooshe, mipana juu, myembamba chini, na mifereji mitatu kwa mbele kama alivyosema Maalim. Mguu uliopinda unakula mbao: nachonga kutoka gogo nene, nusu yake inakuwa maranda sakafuni. Ulionyooka unatoka kwenye ubao mmoja, na nyuzi za mbao zinashuka mpaka chini bila kukatwa, kwa hiyo hauvunjiki kifundoni.

DADA: Na pa kukalia?

FUNDI: Sponji na kitambaa, au henzerani.

MAALIM: Henzerani ni Ufaransa halisi. Iliwafikia kutoka Asia katika karne ya 17 na wakaipenda.

FUNDI: Ni nzuri, inapumua. Unatoboa matundu kuzunguka fremu, unapitisha wima, unapitisha mlalo, kisha mshazari pande zote mbili mpaka yatoke matundu ya pembe nane. Lakini henzerani ya kusuka lazima niagize, na atakayeirekebisha ikikatika hapa sijui ni nani.

Dada alikuwa amenyamaza muda huo, anatafuta kitu kwenye simu. Alichokipata alikigeuza mezani, au tuseme sakafuni, kwa kuwa meza haijawahi kufika.

DADA: Hebu tazameni. Hii picha kachora Vincent van Gogh mwaka 1888, huko Arles, kusini mwa Ufaransa. Siku hizi iko London. Kiti cha mbao cha kawaida, rangi ya manjano, juu yake kiko na tumbaku. Angalieni pa kukalia.

BIBI: Kimesukwa hicho.

DADA: Kwa majani. Viti vya namna hii ndivyo walivyokalia watu wa kawaida wa Provence, upande huohuo wa kusini, jikoni kwao na kwenye chakula. Ni Kifaransa kama kile chenye dhahabu.

BIBI: Lete karibu. Hapa kamba imesokotwa, ikazungushwa kwenye upau wa mbele, ikaingia kati, ikazungushwa wa pembeni. Inaanzia pembe nne zote, inakwenda katikati, inatoa pembetatu nne. Hii haina siri. Ukindu wa mkeka unasukwa ukili, mpana, mwembamba. Kwa kiti unausokota uwe kamba, nene kiasi cha kidole cha mwisho, ukiwa na unyevunyevu kidogo. Vitanda vya kamba tumevilalia miaka yote, kiti kitatushinda?

FUNDI: Bibi ukisuka wewe, mie natengeneza fremu tu. Bei inashuka.

BIBI: Mie nitafundisha. Mikono ni ya hawa wasichana, tena walipwe. Isije ikawa ya bure kwa kuwa ni kazi ya wanawake.

KAKA: Sasa mnaniambia niliyetoka Pujini nikaenda Maskati kutafuta, nirudi nikalie ukindu?

DADA: Utakalia mfenesi wenye mifereji ya Louis wa 16 na ukindu wa Provence. Ukiulizwa, sema hivyo.

KAKA: Na dhahabu?

BIBI: Ukitaka dhahabu niletee kioo. Kikubwa, chenye fremu ya hiyo nakshi, kitundikwe ukutani pale mkabala na dirisha. Si Maalim kasema hao watoto wa Sayyid Said kuta zao zilikuwa vioo vitupu? Kioo hakili nafasi, hakisukumwi siku ya khitma, na mwanga utaingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Hicho waambie waniwekee kwenye kontena.

Kwangu mimi hapo Bibi alitoa ushauri bora wa upambaji kuliko majarida mengi. Chumba kidogo hukibeba kitu kimoja cha fahari, na pa kukiweka ni ukutani, si njiani.

KAKA: Kioo nitaleta. Meza ya mbawa bado sijaikubali, najua nyie mmeshaikubali. Nitataka angalau uso wake uwe wa kipande kimoja, bila kiungo cha katikati.

FUNDI: Kipande kimoja cha inchi arobaini sikipati, labda ukate mfenesi wa jirani. Bawa moja, ubao mmoja, hilo nitalifanya.

KAKA: Basi. Na viti vingapi?

FUNDI: Nianze na kimoja, cha Bibi, chenye mikono. Mikono iwe inchi ishirini na sita kutoka sakafuni ili iingie chini ya meza, na imtosheleze kuishika akiinuka. Bibi, simama kidogo nikupime kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Viti vingi vya dukani ni inchi kumi na nane, na wengi wenu humu miguu inaning'inia.

BIBI: Pima, ila usinitangazie.

FUNDI: Kumi na sita na nusu.

BIBI: Nimesema usinitangazie.

KAKA: Na cha kwangu mimi?

BIBI: Chako hakipimwi kwenye simu, mume wangu. Chukua likizo uje.